Nzohe wa Kyabarongo

Barua ilipofika Buhembe, Mwalimu Mujuni aliisoma mara mbili akiwa bado amesimama mlangoni, kisha akamwita mkewe aje aisome mwenyewe. Ilikuwa na mhuri wa ofisi ya misitu. Ilisema kwamba Mwalimu Mujuni na jamaa zake, jumla watu watano, wameruhusiwa kuuona msitu wa Kyabarongo Jumamosi ya tarehe kumi na saba Julai, 1954. Wafuatane na mlinzi. Wasiwashe moto, wasikate mti, wasichukue kitu, wasiingie na mbwa wala silaha.

Anatolia aliisoma, akaikunja, kisha akaikunjua tena. Binti zao wawili, Kokubanza wa miaka kumi na mmoja na Klaudia wa miaka sita, walianza kurukaruka uani kabla hata ya kuelezwa habari yenyewe. Walikuwa wamemwona mama yao akitabasamu peke yake, nao waliona hiyo yatosha.

Anatolia alikuwa amezaliwa Izigo, na tangu utotoni alilijua jina la Kyabarongo, msitu ulioteremka kutoka vilima vya Muleba mpaka kwenye mafunjo ya ziwani. Lakini hakuwahi kukanyaga huko. Baba yake, Rwegasira, ndiye aliyekuwa akienda, na wavu begani na mbwa wamefungwa njuga za mti shingoni. Alikuwa akirudi na nzohe, yule swala wa majini ambaye watu wengi wa Izigo walijua ladha ya nyama yake bila kuijua sura yake. Baadaye serikali iliufunga msitu. Rwegasira hakujali, akaendelea kuingia, hadi asubuhi moja mlinzi kijana alipomkamata akiwa katikati ya matope na wavu mkononi. Alifungwa miezi sita Bukoba. Alipotoka aligawa mbwa wake wote, akashika jembe, na kuanzia hapo mazungumzo yake yakawa ni migomba na mibuni tu. Mtu akitaja msitu mbele yake, aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe.

Mtu wa tano kwenye barua ile alikuwa yeye. Anatolia ndiye aliyemwambia Mujuni aandike jina la baba yake kwenye ombi, naye mzee mwenyewe hakuulizwa.

Ijumaa walipanda lori la Protase, dereva aliyekuwa akienda Nshamba kuchukua kahawa, wakashukia Izigo, naye Protase akalala hapo ili asubuhi aendelee nao. Jioni, baada ya kula ebitoke, ndizi za kupika, na maharage, Mujuni akajikaza na kueleza safari ilivyopangwa. Rwegasira alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema anamshukuru mkwewe kwa heshima hiyo, ila yeye hawezi kwenda kubisha hodi mahali alipokuwa akiingia bila hodi tangu ujana wake. Hakuonyesha hasira. Alisema kama mtu anayekataa kuongezewa chakula.

Anatolia alijua kwamba ukimsukuma baba yake, anakuwa mzito zaidi. Aliyesema ni Klaudia, ambaye alikuwa amelala kifudifudi juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni.

"Babu, nzohe analiaje?"

Rwegasira alimtazama mjukuu wake. Akasafisha koo, akageuza uso pembeni, akatoa sauti fupi ya kukwaruza, kama mbwa aliyepaliwa. Klaudia alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Akataka isikike tena, na tena. Mara ya nne mzee alisema kwamba hivyo ndivyo anavyolia dume, lakini jike analia tofauti, na kwamba hayo hayaelezeki vizuri ndani ya nyumba.

Asubuhi, Anatolia alipotoka nje kulipopambazuka, alimkuta baba yake kando ya barabara amevaa koti lake la kanisani, anasubiri lori kabla ya wote.

Protase aliwashusha panapoanzia njia ya msitu, akaahidi kuwapitia saa kumi. Wasichana walitaka kukimbia. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ziwa, na kutoka kwenye ile miti mikubwa kulisikika makelele ya ndege ambao hata Mujuni na daftari lake hakuwa na majina yao. Kwenye kibanda cha mlinzi alitoka mtu mrefu mwenye kofia na kaptura ya kaki. Aliwasalimu vizuri, akampa Mujuni mkono, akaipokea barua na kuanza kuita majina. Alipofika la mwisho aliinua macho.

Rwegasira alikuwa ameshamtambua. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imemwongezea Ildefons, yule mlinzi kijana aliyemkamata, tumbo na mvi chache, lakini mwendo wake ulikuwa uleule.

Ildefons alisema kwa upole kwamba wanne wanaweza kuingia. Mzee asubiri pale kibandani, kuna kivuli na maji ya kunywa. Mujuni alianza kusema kwamba barua ina majina matano na mhuri ni mmoja, lakini Anatolia alimgusa mkono, akasogea mbele yeye.

"Bwana Ildefons, baba yangu alikwishaadhibiwa kwa kosa lile, akamaliza. Leo amekuja na wajukuu. Ukimwacha hapa, nami nitabaki naye."

Kokubanza alikuwa ameshika pindo la gauni la mama yake, macho yamemtoka. Ildefons aliitazama barua, akamtazama mzee, akaitazama tena barua. Hatimaye akasema basi, ataingia, ila aache fimbo yake na atembee mbele ambako yeye anaweza kumwona. Rwegasira aliegemeza fimbo kwenye ukuta wa kibanda, akatangulia.

Ndani ya msitu hewa ilibadilika mara moja, ikawa ya baridi na harufu ya majani mabichi. Hawakuwa wamekwenda mbali kabla Klaudia hajaona kitu cheupe kinaning'inia juu, akadhani ni nguo ya mtu. Ilikuwa mikia ya mbega. Walikuwa kama kumi na watano, weusi wenye joho jeupe mabegani, wamekaa kwenye matawi kama wazee wa baraza. Mmoja aliruka. Alijiachia kutoka mti hadi mti, lile joho likafunguka hewani, na Anatolia akajikuta amemshika mumewe bega kwa nguvu hata Mujuni akaangusha kalamu. Wakaruka wote, mmoja baada ya mwingine, na katikati yao mama mmoja na mtoto mweupe kabisa amemng'ang'ania kifuani. Kokubanza alikuwa anahesabu kwa sauti, akakosea, akaanza upya. Baada ya hapo wakawaona kasuku wa kijivu, na hondohondo aliyepita juu yao, mabawa yake yakivuma kama mtu anayepuliza moto.

Anatolia alisahau kwamba ni mama wa watu. Alikuwa anauliza kuliko watoto. Huu ni mti gani, na ule uyoga unaliwa, na njia hii ndogo ni ya nani? Ildefons alijibu kwa furaha, maana ilikuwa wazi anaupenda msitu wake. Kila mara, hata hivyo, jicho lake lilirudi kwenye mgongo wa lile koti la kanisani.

Karibu na saa nne walifika ukingoni mwa mafunjo. Yalitanda kijani kibichi mpaka macho yalipokoma, na mbali kidogo ziwa liling'aa. Kokubanza akauliza nzohe wako wapi. Ildefons alikiri kwamba wamo, ila hawaonekani. Yeye mwenyewe kwa miaka yote hiyo alikuwa amewaona mara tatu, tena migongo tu ikitokomea. Wageni wote aliowaleta walirudi na habari za mbega.

Rwegasira alikuwa amechuchumaa. Mbele yake kwenye tope palikuwa na nyayo mbili nyembamba, ndefu kama vidole vya mkono vilivyopanuliwa. Hakuzigusa. Alitazama fungu la mafunjo lililokuwa limeng'atwa ncha, akakisogelea kikonyo kimoja, akaona bado kinatoa maji. Akanyanyuka polepole, akamgeukia Ildefons. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza wawili hao kuongea.

"Amepita sasa hivi, na hayuko mbali. Ukitaka nitawapeleka. Usipotaka, turudi."

Mlinzi alisita. Kisha Ildefons akavua kofia yake, akasema, "Tangulia, Mzee."

Rwegasira aliwaambia wavue viatu. Aliokota vumbi kavu chini ya mti, akaliachia lianguke ili aone upepo unakwenda wapi, na kwa ajili ya upepo huo akawazungusha njia ndefu. Waliinama, wakatembea kwa mstari, kila mmoja akikanyaga alipokanyaga wa mbele yake. Maji yalifika kwenye vifundo, yakawa baridi na laini. Klaudia alikuwa mgongoni mwa babu yake, kidevu begani, na kwa mkono wake mwenyewe ameuziba mdomo. Walifika kwenye gogo lililoanguka nusu majini, mzee akawaonyesha kwa kiganja walale juu yake na nyuma yake. Wakangoja.

Muda ulipita. Mguu wa Anatolia ulikufa ganzi. Chura mmoja alipanda juu ya daftari la Mujuni, Mujuni akamwacha. Ndipo mafunjo yalipotikisika, hatua chache tu mbele yao, na jike la nzohe likatoka.

Lilikuwa na rangi ya udongo mwekundu, mistari myeupe ubavuni kama iliyochorwa kwa chokaa, na masikio makubwa yaliyokuwa yakizunguka. Liliingia mahali palipokuwa na mafunjo yaliyolazwa na kukanyagwa yakawa kama mkeka. Likatoa sauti ndogo. Kutoka kwenye mkeka ule kikainuka kitu chenye miguu minne myembamba mno, kikayumba, kikaenda moja kwa moja chini ya tumbo lake na kuanza kunyonya. Kilikuwa kinapiga kichwa juu kwa pupa, mkia ukicheza. Mama yake akageuza shingo, akakilamba mgongo.

Machozi yalimtoka Anatolia, na wakati huohuo alitaka kucheka kwa nguvu. Alimtazama baba yake ili wafurahi pamoja, akaona kwamba mzee amemkodolea macho yule mtoto anayenyonya.

Kisha Ildefons, ambaye alikuwa amejinyoosha ili aone vizuri, akateleza. Gogo lilitoa mlio. Jike likabweka, mtoto akajitupa chini katika mafunjo na kutoweka, na mama yake akaingia majini akazama taratibu, mgongo, shingo, masikio, mpaka ikabaki pua tu, nyeusi, kama jani lililoelea. Wote sita walikaa wakiitazama ile pua. Rwegasira aliwarudisha nyuma kinyumenyume, taratibu, ili yule mama apate kutoka majini.

Walipofika nchi kavu kelele ikafumuka. Wasichana walizungumza kwa pamoja, Kihaya na Kiswahili mchanganyiko, Klaudia akiigiza jinsi mtoto anavyopiga kichwa, Mujuni akiandika huku anacheka. Ildefons aliomba radhi kwa kuteleza kwake, akaomba mara ya pili. Rwegasira alikaa chini akifuta tope miguuni.

"Nimeua wengi," alimwambia binti yake. "Sijawahi kumwona akinyonyesha. Mbwa walikuwa wakitangulia. Mimi nilikuwa nikifika, kila kitu kinakimbia."

Anatolia alikaa karibu naye, akamsaidia kufuta mguu mmoja.

Wakati wa kuagana pale kibandani, Ildefons alimuuliza mzee mambo mengi: jike hurudi kwa mtoto mara ngapi, dume hulala wapi, wakati wa mvua wanahamia upande gani. Rwegasira alijibu baadhi. Mengine alisema ni lazima mtu aonyeshwe, hayaelezeki kwa mdomo.

Juu ya lori la Protase, wakiwa wamekalia magunia ya kahawa, hakuna aliyenyamaza mpaka Izigo. Kabla ya kushuka, Rwegasira alimwomba mkwewe amwandikie barua nyingine kwa ofisi ya misitu, ya watu wawili. Mujuni akauliza wa pili ni nani.

Mzee akasema ni Kokwijuka, mkewe. Alipika nyama ya nzohe miaka ishirini, na hajamwona hata mmoja aliyesimama.