Nyasi Mbichi

Mvua ilikatika alfajiri. Saa moja na nusu asubuhi Luhaga alikuwa amesimama juu ya mteremko wa hoteli, kisanduku cha lemoti ya mashine ya kukatia nyasi kimening'inia kifuani kwa mkanda, katambuga zake zimelowa mpaka nyayo zinacheza ndani. Mbele yake nyasi zilikuwa zimelala kwa uzito wa maji. Mteremko ulishuka moja kwa moja katikati ya mawe makubwa mpaka kwenye uwanja wa dobi, na nyuma ya uwanja wa dobi kulikuwa na ziwa. Pale uwanjani mke wake, Getruda, alikuwa anaanika mashuka ya wageni.

"Bosi, nyasi mbichi," Luhaga alisema.

Meneja Cleophace alikuwa amesimama kwenye saruji, mahali ambapo viatu vyake havingeguswa na tope. Karani wa utumishi, Josephat, alikuwa amemshikia mwavuli ingawa mvua ilishakwisha. Cleophace alikuwa na miaka thelathini na tatu, rika la mtoto wa kwanza wa Luhaga, na tangu apewe ile ofisi alikuwa amesahau kabisa kwamba duniani kuna neno shikamoo.

"Mbichi ndiyo nini?"

"Karatasi imekataza, bosi. Sharti la sita. Lemoti isitumike kwenye nyasi mbichi."

"Rimoti, mzee. Rimoti." Cleophace alimgeukia Josephat, wakacheka kidogo. "Sasa nisikilize. Mbichi maana yake kijani. Ambayo haijakauka ikawa ya njano. Hapa Mwanza nyasi zote ni kijani. Unataka tungoje kiangazi?"

"Sisi kitu kikiwa na maji tunakiita kibichi. Nguo ikitoka kwenye beseni ni mbichi. Hata ukimuuliza mama pale chini."

"Ile karatasi nimeiandika mimi, kwa mkono huu. Nitakuwa sijui nilichoandika?"

Kweli aliiandika yeye. Kitabu cha mashine kilikuja kwa Kiingereza, pamoja na mashine yenyewe na fundi wa kizungu aliyekaa siku mbili tu, mwaka ule hoteli ilipotoka mikononi mwa serikali na kuingia mikononi mwa mwekezaji. Kabla ya hapo mteremko ulikuwa na wakata nyasi kumi na mmoja. Wakapunguzwa. Waliitwa mmoja mmoja ofisini, wakapewa bahasha na mkono wa kwaheri, wakaenda kutafuta maisha: wengine Kigongo kuuza samaki kivukoni, wengine Mkolani kuponda kokoto. Akabaki Luhaga, kwa sababu aliujua mteremko kuliko wote, na kwa sababu alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini na hakuwa mtu wa kujibizana. Akabaki pia na kota yake, chumba kimoja na nusu nyuma ya jiko la hoteli, ambako watoto wake wote watano walikulia.

Kwa hiyo asubuhi ile alikuwa anatetea kota, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Bosi, nipe fyekeo," alisema. Sauti yake ilishuka, na alijichukia kwa kuishusha. "Nyasi ya maji ndiyo ya fyekeo. Inakatika yenyewe. Mtume mtu amwite Chenge na wawili wa wale waliopunguzwa, saa nne tumemaliza, mteremko unang'aa."

"Mgeni rasmi anakuja leo kuona uwekezaji. Unataka nimwonyeshe watu wamepinda migongo? Hao ameshawaona maisha yake yote." Cleophace alitazama saa. "Mafyekeo yenyewe tumeshauza chuma chakavu. Washa mashine. Kama huwezi, sema huwezi, mbona rahisi tu. Nje ya geti wako wanaoweza, na kota watahamia leo hii."

Luhaga akawasha.

Mashine ilikuwa pana kama kitanda, ina minyororo chini kama katapila, na kisu chake kilizunguka tumboni usikione. Fundi wa kizungu alikuwa amemfundisha kwenye uwanja wa tenisi, tambarare, jua kali. Alimwonyesha vishikio viwili vya lemoti, akavibana, kisu kikaunguruma. Akaviachia, kila kitu kikafa hapohapo. Akarudia mara nyingi: ukiona hatari, achia. Cleophace alikuwa anatafsiri huku anapiga miayo.

Lakini miaka ishirini na miwili Luhaga alikuwa amefundisha watu kinyume chake. Kila kibarua mpya aliyepanda mteremko ule alimsikia akisema: ukiteleza, usiachie. Fyekeo ukiliachia mteremkoni linaruka na kumkata miguu aliye chini yako. Shika, anguka nalo, shika mpaka utulie. Chenge alifundishwa hivyo. Wote kumi walifundishwa hivyo, na katika miaka yote ile hakuna aliyekatwa.

Mstari wa kwanza mashine ilikwenda vizuri. Wa pili pia. Cleophace alitikisa kichwa kwa Josephat, kama kusema umeona wazee wanavyopenda visingizio. Kwenye mstari wa nne tako la mashine liliteleza. Luhaga aliisukuma irudi juu. Minyororo ikazunguka bure, ikachimba tope, pua ikageuka kutazama bondeni. Halafu ikaanza kushuka.

Getruda alikuwa amewapa mgongo, shuka limemfunika kichwa. Jenereta ya dobi ilikuwa inanguruma kando yake. Luhaga alimwita kwa jina lake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya watu, na Getruda hakusikia. Basi akakimbia. Alitaka kuiwahi mashine, amsukume mke wake pembeni, mengine yatakuwa yatakavyokuwa.

Katambuga hazikushika. Alianguka chali, akateleza kwenye zile nyasi, akaipita mashine, akagota kwenye ukingo wa mfereji uliopita chini ya mteremko, na mashine ikaja nyuma yake. Mikono yake miwili ilikuwa imebana vishikio. Angeviachia tu, kisu kingesimama. Alishika, kama alivyofundisha wengine, mpaka akatulia.

Mguu wa kulia ulikatika chini kidogo ya goti. Mashine ikakwama mferejini, hatua tano kutoka kwa Getruda, ambaye sasa alikuwa amegeuka.

Mgeni rasmi alifika saa sita. Nyasi za mferejini zilikuwa zimeshamwagiwa maji na kupangiwa vyungu vya maua. Aliambiwa kwamba mtambo uko kwenye matengenezo madogo, akapiga makofi, akakata utepe.

Siku ya tisa Cleophace alikwenda hospitalini na Josephat. Walileta machungwa.

"Pole sana, mzee," Cleophace alisema, akabaki amesimama. "Josephat, msomee."

Josephat alisoma bila kuinua macho. Kwamba tarehe iliyotajwa, mfanyakazi Luhaga alitumia mashine ya kampuni kwenye nyasi mbichi, kinyume cha sharti la sita alilolitia sahihi yeye mwenyewe kwa akili timamu. Kwamba amejisababishia madhara na ameharibu mali. Kwamba kampuni inasitisha ajira yake, haitawajibika kwa fidia, na inamtaka aondoke katika kota ndani ya siku saba.

Luhaga alidhani amesikia vibaya. "Si ulisema mbichi ni kijani?"

"Mzee, mbichi ni yenye maji. Hata mtoto mdogo anajua. Nguo mbichi, kuni mbichi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza."

"Josephat." Luhaga alijaribu kuinuka, maumivu yakamrudisha. "Ulikuwepo. Ulimshikia mwavuli. Alisemaje?"

Josephat aliikunja karatasi mara mbili, akaifungua, akaikunja tena. "Kulikuwa na kelele za jenereta, mzee," alisema.

Getruda, aliyekuwa amekaa chini pembeni ya kitanda, akasimama. "Jenereta ilikuwa kwangu, bondeni. Huko juu mlikuwa mnasikilizana vizuri tu."

"Mama," Cleophace alisema taratibu, "wewe bado umo kwenye orodha ya dobi. Sijakuja kwa ajili yako. Usinilazimishe."

Getruda alimtazama mumewe. Luhaga akageuzia uso ukutani ili mkewe asilazimike kusema chochote, na Getruda akakaa. Aliichukia ile sakafu alipokaa. Machungwa akayasukumia chini ya kitanda kwa mguu.

Walihama siku ya saba ya zile walizopewa, asubuhi, baada ya mvua kubwa. Mkokoteni ulibeba kitanda, sufuria, godoro, na juu ya godoro alikaa Luhaga, suruali imekunjwa na kufungwa kwa kamba. Getruda alisukuma kutoka nyuma. Saa tatu alitakiwa awe amerudi kwenye mashuka. Njia ya kutokea ilipita chini ya mteremko.

Kule juu alikuwa amesimama Chenge. Walikuwa wamemtoa kwenye kokoto za Mkolani, wakampa ovaroli mpya yenye jina la kampuni mgongoni na funguo za kota. Kisanduku cha lemoti kilikuwa kifuani pake. Nyasi zilikuwa zinachuruzika. Cleophace alikuwa kwenye saruji.

"Simamisha," Luhaga alimwambia mkewe. Akajiinua juu ya godoro, akaweka viganja mdomoni. "Chenge! Ukiteleza, achia! Achia!"

Mashine ilikuwa inanguruma. Chenge aliweka mkono sikioni, akatikisa kichwa, hakusikia. Halafu akafikiri ameelewa. Alidhani mwalimu wake anamuaga. Akampungia mkono mmoja, mara moja, kwa heshima, kisha akaurudisha haraka kwenye lemoti na kuikamata kwa mikono miwili, barabara, kama alivyofundishwa.