Mkono Wake, Bahati Yangu

Mimi si mcheza kamari, na anayetaka kuniita hivyo aje aniambie usoni. Nimelelewa na mama wa kanisa ambaye karata akizikuta ndani ya nyumba anazitia jikoni ziungue chini ya sufuria ya ugali. Miaka sita niko hapa Doha, nauguza watu kliniki, naishi Al Thumama na mwenzangu Fiona, na kila Ijumaa niko Mesaimeer kwenye ibada. Lakini sasa niulize kamari ni nini. Haki ya Mungu, sijui tena.

Aliyenichanganya ni mdogo wangu Cyrus. Yuko Amerika anatunza wazee, kwenye jimbo ambalo silitaji. Mwaka jana aliingia kwenye mchezo wa simu, yale matunda yanayozunguka, yakilingana umeshinda. Nikamfokea. "Cyrus, hiyo si kamari?" Akacheka. "Dada, soma kwanza." Nikasoma. Imeandikwa wazi kwamba si lazima ununue chochote. Kuna sarafu za dhahabu, hizo ni za kujifurahisha tu, hazina thamani. Ukizinunua, unapewa sarafu nyingine bure kama zawadi, na hizo za bure ndizo zinazogeuzwa kuwa pesa. Yaani ulicholipia hakina thamani, na chenye thamani hukukilipia! Nikasoma mara tatu. Mwisho nikasema, haya, kama serikali yao imeliona hilo na kunyamaza, mimi ni nani?

Huku Qatar mchezo wenyewe haufunguki, na ni afadhali, kwa sababu hapa hakuna cha zawadi wala cha sarafu za bure. Kamari ni kamari, ukishikwa unaweza kurudishwa kwenu. Lakini Cyrus tangu utotoni anaamini nina bahati. Basi nikitoka zamu ananipigia, anageuza kamera nione, namwambia, "Ngoja. Ngoja kidogo. Sasa!" Yeye anabonyeza. Tulikuwa tunacheka hadi Fiona anatugombeza. Nilimpenda sana ndugu yangu saa hizo.

Mwezi wa tatu tukashinda vizuri, kwa pesa hizo Mama akafanyiwa upasuaji wa macho kule Kisii, na akaona! Sasa ningenyamazaje? Kwetu ukitendewa jambo unasimama kanisani unalishuhudia, usiposhuhudia watu wanakuona una roho ya choyo. Ijumaa iliyofuata nikashika kipaza sauti, nikalia, nikaueleza mchezo wetu wa simu, kwamba si kamari bali baraka, nikasema, "Mkono ni wa ndugu yangu Cyrus kule Amerika, bahati ni yangu, na mtendaji ni Mungu!" Vigelegele vikapigwa. Scovia peke yake, Mganda wa kwaya asiyejua kufunga mdomo, ndiye aliyenifuata mlangoni. "Winfred, lakini mchezo huo si kamari?" Nilimjibu vibaya sana. Augustine, anayepiga picha za ibada, akaiweka video kwenye ukurasa wa kanisa.

Mwezi wa saba Cyrus akapiga, na safari hii hakugeuza kamera.

"Dada, usaili wangu wa uraia ni Jumanne."

"Bwana asifiwe!"

"Subiri. Kwenye fomu wanauliza kama umewahi kucheza kamari isiyo halali. Nilijaza hapana. Sasa jimbo limepitisha sheria, michezo ile imepigwa marufuku."

Miaka tisa ameungoja uraia huo ili awachukue mkewe na binti yao Chelsea, ambaye alimwacha akitambaa na sasa yuko darasa la nne. Ati vyote hivyo vipotee kwa sababu ya ndizi na cheri za kwenye simu?

Nikamwendea Brandon, mwenzetu wa ibadani anayefanya kazi kwenye ofisi ya mawakili. Nikamweleza yote.

"Inategemea," akasema.

"Inategemea nini?"

"Sheria mpya hairudi nyuma."

"Kwa hiyo haikuwa kamari."

"Sijasema hivyo. Mwanasheria mkuu wa jimbo anasema ilikuwa haramu siku zote, sheria mpya imefafanua tu. Kampuni inasema ilikuwa halali hadi juzi. Mahakama haijatamka."

"Brandon, usinizungushe! Jana ilikuwa nini?"

"Hakuna anayejua."

"Na mimi je? Kidole kilikuwa kule, mdomo ulikuwa huku. Mchezo ulichezewa wapi?"

Akavua miwani. "Hilo usilirudie mbele ya watu."

Ndipo nikaikumbuka video. Ijumaa sikungoja hata nyimbo ziishe, nikamvuta Augustine kando aifute. Akasema hafuti kitu bila Pasta Jeremiah. Pasta akanisikiliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi.

"Dada Winfred, ulituambia ni baraka, si kamari. Kama ni safi, kwa nini tuifute? Na kama si safi, simama tena uwaambie watu."

Kule nyuma Scovia alikuwa ananitazama. Nisimame mbele ya Scovia? Kiburi kikanipanda.

"Acha ibaki," nikasema.

Usiku wa kuamkia usaili nikampigia Cyrus. "Usifiche kitu. Waambie ulicheza. Wakiuliza ulikuwa na nani, nitaje."

"Dada, wewe uko Doha."

"Nimesema nitaje! Nikirudishwa nitarudi, Mama si anaona sasa?"

Akaniaga, akakata simu. Nilidhani amekubali.

Jumanne nilivunja vikombe viwili kazini. Saa mbili usiku akapiga, anacheka kabisa.

"Dada, nimesema yote. Afisa akauliza ilikuwa halali au la, nikamwambia sijui. Naye akasema hata yeye hana hakika! Ameipeleka kwa mkubwa wake, lakini anasema kwa ukweli wangu sina shida."

Nilipiga magoti palepale jikoni. Fiona akaja mbio akidhani nimepata msiba.

"Kitu kimoja tu," Cyrus akasema. "Aliniuliza kama nilicheza na mtu mwingine. Nilikuwa nimeapa, mkono juu, lakini nikasema hapana, nilikuwa peke yangu. Ningekutajaje, dada? Wangekufukuza huko."

Alisema kwa furaha, kama mtu aliyeniletea zawadi. Nikamwambia asante.

Mambo ya sarafu hata afisa hayajui. Lakini kudanganya ukiwa umeapa, hilo halihitaji Brandon wala jimbo kuniambia ni kosa. Nikampigia Augustine nimwambie aifute video, na kwamba nitasimama mbele ya Scovia na mbele ya kila mtu. Simu yake haikupatikana. Nikaufungua ukurasa mwenyewe. Nilikuwa pale, nalia na kipaza sauti, namtaja kwa jina. Chini yake kuna amina nyingi, na ya kwanza kabisa, yenye picha yake na jina lake kamili, ni ya Cyrus: "Amina dada! Mkono wangu, bahati yako."