Nyumba Isiyotazama Mubashara

Barua ilifika Jumatatu, na haikuwa na jina la mtu. Juu ya bahasha paliandikwa tu kwamba ni ya yeyote anayeishi katika nyumba ile, na hilo peke yake lilitosha kumnyima Bizimana raha. Mtu mwenye nia njema akikuandikia hulitaja jina lako. Asiyekutaja bado analitafuta, na Bizimana hakuwa tayari kumsaidia kulipata.

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa pili wa korona, na Minto ilikuwa imefungwa pamoja na vitongoji vyote vya upande ule wa Sydney. Bizimana alikuwa msafishaji wa ofisi huko mjini. Ofisi zikikaa tupu hakuna anayezichafua, kwa hiyo alikuwa nyumbani wiki ya sita, anashinda dirishani kutoka uji mpaka chakula cha usiku. Aliona kila kitu. Aliona askari wa jeshi wakipita wawili wawili kuhakikisha walioambiwa wajitenge wamo ndani. Aliona nani amevaa barakoa chini ya pua. Mtu wa wasiwasi ukimpa dirisha na wiki sita, usishangae atakayoyaona.

Armelle, binti yake wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea, ndiye aliyeifungua ile barua na kuisoma akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Waliotuma walitaka kujua nyumba ina televisheni ngapi na watu wangapi. Halafu walitaka kujua kama wenyewe wanatazama vipindi mubashara, vikiwa vinarushwa saa ileile, au wanavitazama baadaye.

"It's just a survey, Baba," Armelle akasema. Alimweleza kwamba ni utafiti tu wa kampuni inayohesabu watazamaji ili wenye matangazo ya biashara wajue pa kuyapeleka, na kwamba wanaweza kuitupa tu kwenye pipa.

Kwa Armelle kila kitu kilikuwa survey tu. Hakuikumbuka vizuri kambi ya wakimbizi ya Tanzania, walikokimbilia kutoka Burundi, maana alitoka huko angali mdogo. Bizimana aliikumbuka. Aliwahi kuulizwa na msichana mwenye karatasi, msichana mwenye tabasamu zuri kabisa, watu wangapi wanalala katika hema lake. Alijibu saba, nao kweli walikuwa saba. Wiki iliyofuata mkaguzi alikuja siku ambayo wawili wamekwenda kukata kuni, akahesabu watano, na kwa mwaka mzima wakala chakula cha watano. Tangu siku ile Bizimana alikuwa na sheria zake. Karatasi ya watu haitupwi. Swali haliachwi wazi. Na kilichoandikwa lazima kiwe sawasawa na kitakachokutwa ndani, hata kama ni kilichomo ndani ndicho kitabadilishwa.

Jioni ileile akampigia Mirindi, rafiki yake wa kambini ambaye yeye alipelekwa Uingereza. Mirindi alizijua habari za namna hiyo vizuri mno. Kwao, alisema, nyumba inayotazama televisheni mubashara lazima iwe na leseni, inalipiwa kila mwaka. Anayetazama zilizorekodiwa tu anaweza kuachiwa, lakini sharti atamke hivyo mwenyewe, na akitamka uongo anafikishwa mahakamani. Tena kuna magari yanapita barabarani, yana mitambo ya kunusa ndani ya nyumba za watu.

"Mubashara, kaka, hata kwenye simu," Mirindi akasema. "Hata kama kile kipindi kiko kinatoka Burundi. Wao hawajali kinatoka wapi. Wanajali saa."

Armelle alipoambiwa alicheka, akatafuta kwenye simu yake, akamwonyesha baba yake kwamba Australia ilifuta leseni hiyo mwaka sabini na nne. Bizimana alitazama maandishi yale kwa heshima na hakuyaamini hata kidogo. Serikali gani hiyo iliyokwisha kuonja kitu halafu ikakiacha? Na kama imekiacha, mbona inauliza?

Kilichomtia hofu zaidi ni kwamba alikuwa anangoja uraia. Mtihani alikwisha kuupita, maswali yote ishirini, na kilichobaki ni siku ya kiapo, ambayo korona ilikuwa ikiisogeza mbele kila mwezi. Kwenye fomu za uraia aliulizwa mara nne kama ana kosa lolote. Mtu aliyeulizwa kitu kimoja mara nne anaanza kukitafuta mwenyewe.

Basi akamketisha Armelle na kalamu. Televisheni moja. Watu watatu. Mubashara: hakuna, kabisa. Armelle aliweka alama huku akihema kwa nguvu. Haukuwa uongo, kwa kweli. Elvire, mama yake Armelle, alitazama mahubiri ya zamani na filamu za Kinaijeria, na Bizimana mwenyewe alitazama dirisha. Bizimana aliipeleka bahasha posta kwa miguu yake, akarudi na moyo mwepesi. Wepesi ule ulidumu siku mbili.

Jumatano mama mzazi wa Elvire akafa, kule Makamba, Burundi.

Kusafiri hakukuwezekana, mipaka ilikuwa imefungwa huku na kule, na hata ingefunguliwa asingewahi. Elvire alilia siku nzima, halafu akanyamaza, akaanza kupanga. Katika ukoo wao jeneza halishushwi mpaka mtoto wa kwanza amuage mzazi wake kwa maneno, na mtoto wa kwanza alikuwa yeye. Hakuwa amemwona mama yake tangu siku waliyoachana kambini, miaka kumi na miwili. Mdogo wake, Déo, alitengeneza mambo. Mazishi yangekuwa Jumamosi saa nne asubuhi ya Makamba, saa kumi na mbili jioni ya Sydney, na yangerushwa mubashara kwenye ukurasa wa kanisa. Wakati wa maneno ukifika, Déo angempigia Elvire kwa WhatsApp na kuishika simu mbele ya kipaza sauti. Kwa siku mbili Elvire alisimama kwenye sinki akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, midomo yake ikitembea. Alikuwa anayapanga yale maneno.

Bizimana alimpenda mkewe, na alimlilia mama mkwe wake kwa dhati. Lakini kila aliposikia neno mubashara, alikwenda dirishani kutazama barabara.

Ijumaa alikuja Abednego, Mtanzania anayekaa mtaa wa pili, mtu wa kompyuta, aliyewahi kuwafungia ile televisheni ukutani. Alisimama nje ya uzio na barakoa yake, akatoa pole taratibu kama inavyopasa, akaleta waya wa kuunganisha simu na televisheni ili Mama Armelle aone vizuri. Halafu akauliza, "Mzee, mtatazama mubashara, au mtasubiri ya kurekodiwa?"

Bizimana akarudi nyuma hatua moja. Lilikuwa swali la kwenye barua, neno kwa neno. Akajibu kwamba bado hawajaamua. Abednego akaendelea kuzungumza, akasema eti watu wengi wa Minto wamepata barua za kuulizwa habari za televisheni, sijui na nyinyi mmepata? Hakuna barua, Bizimana akasema, akauchukua waya na kuingia ndani. Usiku kucha alijiuliza maswali yaleyale. Nani aliyeifunga televisheni ile, akajua ipo? Nani anayejua wamo watatu? Nani mwenye kazi nzuri ya serikali, au ya kampuni, sijui, hajawahi kuitaja vizuri? Alfajiri ilimkuta amekwisha kumhukumu Abednego, na alishangaa alichelewaje kumjua.

Jumamosi alasiri gari jeupe likaegesha mbele ya nyumba, wakashuka watu wawili. Mmoja, mwenye koti la rangi ya chungwa, alifunua kifuniko cha shimo kando ya barabara, akashusha waya, akatazama kwenye kijimashine. Mara mbili aliinua uso na kuiangalia nyumba. Bizimana aliyahesabu magurudumu, akaitafuta antena, akaiona.

Saa kumi na moja na nusu Elvire alitoka chumbani amevaa nguo za kanisani, kitenge cheupe begani. Armelle alikuwa kazini mpaka usiku. Elvire aliiunganisha simu na televisheni kama alivyoelekezwa, akakaa mbele yake, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Bizimana akaingia chumba cha Armelle, akapitisha mkono nyuma ya kabati, na kuchomoa modemu.

Aliporudi sebuleni kiduara kilikuwa kinazunguka kwenye kioo.

"Rezo imekatika," Elvire akasema, akiutaja mtandao kwa neno la kwao. Simu yake ilitegemea intaneti ya nyumbani. Bando hakuwahi kununua tangu wafungiwe.

Bizimana akamwambia ni wale mafundi wa mtandao, wamechimba hapo nje. Ndivyo alivyosema, mafundi wa mtandao. Saa nzima moyoni alikuwa amewaita majasusi, lakini ulipohitajika uongo alijua vizuri kabisa ni akina nani. Elvire akamtuma akawaulize. Akatoka, akasimama nyuma ya mapipa ya taka, akahesabu mpaka mia, akarudi na kusema wamesema mpaka kesho.

"Basi twende kwa Abednego."

"Kuingia nyumba ya watu ni marufuku, Mama Armelle. Jeshi liko nje."

Hilo lilikuwa kweli, na Elvire alikuwa mtu wa kutii sheria. Akaketi tena. Bizimana alimfariji kwa sauti ya upole, kwamba watarekodi, watatazama kesho, mambo ni yaleyale, marehemu ni yuleyule.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini kitochi chake, kisimu cha vitufe kisicho na intaneti, kikalia mfukoni. Abednego. Bizimana alilitazama jina lile kwenye kioo kidogo na karibu acheke. Anataka kusikia sauti za mazishi nyuma yangu, akawaza, apate ushahidi. Akakata. Kikalia tena, akakata. Mara ya tatu alikizima kabisa.

"Ni nani?" Elvire akauliza.

"Kazini," akajibu.

Elvire akakaa na nguo zake za kanisani mpaka giza likaingia vizuri, ndipo akaenda kuzivua.

Jumapili asubuhi mtandao ulirudi, kama Bizimana alivyotabiri. Waliketi watatu, Armelle akiishika simu. Elvire hakutaka nguo za kanisani tena, alivaa sweta. Waliiona nyumba ya Makamba, majirani, mvua iliyokuwa imekatika punde, jeneza likipita mlangoni kwa kuinamishwa. Waliimba pamoja na waimbaji. Bizimana naye aliimba, na kwa muda mfupi aliamini kweli kwamba mambo ni yaleyale.

Halafu wakafika kaburini. Mchungaji akasema sasa ni mtoto wa kwanza. Déo akaonekana amebonyeza simu, ameishika mbele ya kipaza sauti kwa mikono miwili. Simu haikuita. Akabonyeza tena. Wanaume wanne walisimama kando ya jeneza, wameshika kamba.

"Tunangoja dada yetu Elvire," Déo akasema. "Yuko Australia. Elvire, uko unatusikia?"

Wakangoja. Ilikuwa muda mrefu. Mtu alikohoa, mtoto alilia akatolewa, bibi mmoja akaletewa kiti. Armelle akasogeza kidole ili apeleke picha mbele, Elvire akamshika mkono.

"Usiruke," akasema. "Wacha nione walinisubiri muda gani."

Walimsubiri dakika ishirini na tatu. Pembeni ya picha maneno ya watazamaji yalikuwa yakipanda, pole na amina kutoka Kanada, kutoka Bujumbura, na katikati yake jina wanalolifahamu. Armelle aliyasoma kwa sauti kabla hajafikiri anasoma nini.

"Abednego: Jamani ngojeni kidogo, nampigia mumewe, wako karibu na kwangu." Akasoma la pili. "Simu inaita." Akasoma la tatu, polepole zaidi. "Amekata." Halafu akaacha kusoma, lakini herufi zilikuwa kubwa kwenye kioo cha televisheni na Elvire alijua kusoma. Amekata tena. Sasa ameizima. Msimshushe bado, tafadhali, navaa viatu niende kwao. Na la mwisho: Polisi wamenirudisha. Nisameheni.

Bizimana aliona aibu ya namna ambayo hakuwahi kuiona, hata kambini alipoomba chakula. Aliona kwamba angeweza bado kusema ni bahati mbaya, angeweza kusema kitochi ni kibovu, na kwamba mkewe pengine angekubali kwa kuchoka.

"Modemu nilichomoa mimi," akasema.

Elvire hakugeuka. "Kwa nini?"

"Niliandika kwenye barua kwamba hatutazami mubashara. Niliogopa watatukuta."

"Nani?"

Akatafuta jibu. Aliwatafuta wote, Abednego, mtu wa koti la chungwa, Mirindi na magari yake, msichana wa kambini na tabasamu lake, na hakumwona hata mmoja wa kumtaja.

Kwenye televisheni Déo alikuwa ameshusha mikono. Alimwambia mchungaji kitu sikioni, mchungaji akatikisa kichwa, na wale wanaume wanne wakakaza kamba. Hapo Elvire akasimama. Alisimama wima mbele ya kioo, na sweta lake, akaanza kusema kwa Kirundi yale maneno ya kwenye sinki. Alimwita mama yake kwa jina lake la ubatizo, kisha kwa jina la nyumbani. Alimwambia amefika salama, ana nyumba, ana mtoto mmoja mzima.

"Simamisha," Bizimana akamnong'oneza Armelle. "Simamisha, amalize."

Armelle akabonyeza, lakini kidole kiliteleza na picha haikusimama. Elvire aliongeza sauti, akaanza kusema upesi upesi. Alikuwa bado kwenye salamu za mjukuu pale jeneza lilipopita ukingo wa kaburi, na watu wa Makamba, ambao walikuwa wamengoja vya kutosha jana, wakaanza kutupia udongo.