Milamula ya Sebahire

Mwaka 1987 kijito chetu cha Ihembe kilibaki tope lisilotosha hata kunawia mikono. Mkutano wa kijiji ukaomba watu wa kujitolea kukirudishia miti yake ya asili. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi. Siku ya kazi, viuno vikauma kijiji kizima. Sebahire peke yake hakukosa hata Jumamosi moja. Kwa miaka kumi na minane alipalilia migomba ya Yustus, na bado aliitwa "yule Mnyarwanda wa kwa Yustus". Alitamani jambo moja tu: siku moja aitwe jirani.

Ijumaa moja jioni akaona matete ya ukingoni hayatoshi kuushika udongo. Mlamula je? Ni mti wa hapahapa, tawi lake ukilichomeka tu linashika. Akachomeka ng'ambo zote mbili, mstari umenyooka, akajisifu moyoni. Huku kwetu Karagwe, mlamula ndio mpaka wa kibanja, yaani shamba la mtu, na kuung'oa ni kujitafutia laana. Lakini asiye na kibanja, mpaka unamhusu nini? Hakukumbuka.

Asubuhi wenye viuno walifika wa kwanza, wamepona wote.

"Amejigawia kijito!" Yustus alifoka. Maharage yake mwenyewe yalikuwa yameshuka hadi ukingoni, yakinywa maji kabla ya watu.

Sebahire aliuinamia mlamula wa karibu. Alijiona akifungasha virago kabla ya jua kuchwa. "Nisamehe, mzee. Naing'oa sasa hivi."

"Usiguse!" Alikuwa bibi Kokwijuka, aliyeshuhudia mipaka mingi kuliko mtu yeyote kijijini. "Yustus, mwanangu, mlamula unatenga nini?"

"Kibanja na kibanja, mama."

"Basi huku chako, huku cha kijito. Maharage yako yamevuka mpaka. Yahamishe, au ung'oe mlamula, tuone."

Yustus aliutazama mlamula. Mkono wake haukutoka mfukoni.

"Nitayahamisha," alisema kwa shida.

"Vizuri. Sasa lete rubisi. Mpaka haukamiliki mpaka majirani wanywe."

Kibuyu cha pombe ya ndizi kikaja, mrija ukapita mkono kwa mkono. Sebahire akarudi nyuma, kama alivyozoea pombe ya mpaka inaponywewa.

"Unakwenda wapi?" Kokwijuka alimnyooshea mrija. "Kunywa, jirani."

Sebahire alivuta kwa pupa hadi akapaliwa. Wakamcheka mpaka wakatokwa machozi. Yake yalikuwa yametangulia.