Wagonjwa wa Siku ya Mtihani

Tangu kengele ya asubuhi mwalimu wa hesabu alikuwa hakaliki. Akiketi, anainuka, akishika chaki, anaiweka, chai yake ilipoa hadi ikafanya utando na hakuionja. Siku ya mtihani ilikuwa imefika, ule mtihani mmoja wanaofanyishwa vijana wa miaka kumi na mitano katika nchi chungu nzima, kisha nchi hupangwa kama watoto darasani, ya kwanza mpaka ya mwisho. Safari iliyopita nchi yao ilishika mkia, na magazeti yakaisema mpaka yakachoka yenyewe.

Safari hii kompyuta ya wenye mtihani iliichagua shule yao, ikachagua na wanafunzi. Mkuu wa shule akakosa raha.

"Mwalimu, wewe ndiye unayewajua," alimwambia siku moja, mlango umefungwa. "Wale vichwa vigumu waandike wagonjwa, wabaki kwao. Mimi sitaki niwe yule aliyeiaibisha nchi."

Angeweza kukataa. Hakukataa, tena kazi yenyewe aliifanya upesi upesi, kama mtu anayejitoa mwiba. Lakini alipofika kwenye jina la binti yake, kalamu ilisita. Binti huyo, ambaye wote walimwita Chiriku kwa kupenda maneno, hakuwa hodari wa hesabu, ila hakuwa wa mwisho pia. Alikuwa wa katikati, hapo hapo walipo wengi. Tatizo ni kwamba walimu wenzake hawakuacha utani: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, mbona wako hata mivukuto haijui? Mwalimu alicheka nao kila mara, na kila mara ilimchoma. Akamwandika mgonjwa. Akajiambia anatenda haki, watu wasije wakasema anampendelea mwanawe. Uongo mtupu. Alimwonea haya.

"Leo pumzika nyumbani," alimwambia asubuhi ile.

"Lakini siumwi, mama."

"Nimesema pumzika."

Sasa alikuwa akirandaranda nje ya chumba cha mtihani, mikono haijui ikae wapi, mara akamwona Chiriku anaingia getini, sare imepigwa pasi, mwendo wa mtu aliyeshaamua. Kabla hajafungua mdomo binti alishampita na kuingia ndani.

Msimamizi, mama wa makamo aliyeletwa na wenye mtihani, alisukuma miwani yake juu. "Mbona wewe hapa umeandikwa mgonjwa?"

"Mimi ni mzima, mama."

"Nani aliyekuandika?"

Chiriku hakuwa akijua. Akageuka, akamkuta mama yake kasimama mlangoni na uso umemshuka, basi akajua. Nyuma ya mwalimu, mkuu wa shule alikohoa kikohozi kisicho cha mafua.

"Ni mimi," mwalimu akasema. "Mpe karatasi yake."

Msimamizi aliangalia viti vilivyobaki wazi. "Na hawa wengine?"

"Nao wazima."

"Basi wiki ijayo nitarudi kwa ajili yao," msimamizi akasema, akaufunga mlango. Mkuu wa shule alikwenda zake ofisini, na mwalimu akaendelea kurandaranda. Alijua adhabu ya kazini inamngoja. Kilichomnyima utulivu ni jinsi mwanawe alivyomtazama.

Vijana walipotoka, Chiriku alitoka wa mwisho.

"Umeonaje?" swali lilimponyoka mwalimu.

"Swali la tangi la maji nimelipata. Mengine nimejaribu." Chiriku alikuwa akihangaika na zipu ya begi. "Mama, huko nchi nyingine nako wanawaficha wa kwao?"

"Sijui."

"Kama kila mtu anaficha, sasa wanalinganisha nini?"

Mwalimu, aliyezoea kuwa na jibu la kila swali la darasani, aliinama kumsaidia kuvuta zipu.

"Na mimi, nilikuwa wa mwisho?"

Hapo uongo ulikuwa rahisi kabisa. Angesema ndiyo, nilikuhurumia, na mambo yangeisha.

"Hapana," akasema. "Wameingia humo watu ambao wewe unawashinda. Wao sikuwaandika. Nilikuandika wewe kwa sababu wewe ni wangu, na nilikuonea haya."

Machozi yalimlengalenga Chiriku, akayafuta kwa mkono wa shati.

"Basi wale wengine wakija wiki ijayo," akasema, "usiwaambie walikuwa wagonjwa. Waambie ukweli, kama ulivyoniambia mimi."

Akatangulia kwenda nyumbani, na mama yake hakuthubutu kumwita.