Deli la Bi Tunu

Nilisema mapema, na nikamkumbusha kila mmoja kwa zamu yake: kifuniko cha deli, lile sanduku letu la kutunzia baridi, hakifunguliwi mpaka boti iguse upande wa Kisarawe. Ukilifungua mara moja, baridi ya usiku kucha imekwenda. Mjomba Said aliitikia "Sawa, mama," kwa ule upole wake ambao siku zote hunitia wasiwasi.

Asiyetujua angesema nina makuu. Lakini siku ya posa ya mdogo wangu Jabiri tuliwapelekea wakwe soda zilizochemka. Zilikuwa zimelala kwenye boti juani njia nzima, na Bi Tunu, shangazi wa binti tunayemposa, alifungua moja, akanywa funda, akauliza kama tumekuja na majani ya chai. Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Tangu hapo kule kwao tunaitwa Watu wa Soda ya Moto.

Ungekuwa utani tu ningevumilia. Tatizo ni kwamba siku ya ndoa ilikuwa mikononi mwa Bi Tunu, naye alimwambia Mjomba Said, mshenga wetu, bila kupepesa macho: wasioweza kutunza soda watamtunzaje mtoto wetu? Na Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Tukikosa siku safari hii, Jabiri angesubiri mpaka baada ya Idi. Jabiri ni mlinzi pale Soga, na kwa jinsi alivyokonda kwa mapenzi ya huyo Rukaya, sare ilishaanza kumpwaya. Nilimhurumia kweli.

Basi deli nililifunga mwenyewe, nyumbani kwangu Mbwawa. Niligandisha maji kwenye chupa za plastiki mpaka friji ikakosa nafasi ya nyanya. Nikapanga soda, mtindi, juisi ya ukwaju na tikiti lililokatwa, chupa za barafu chini, juu na ubavuni. Halafu deli lote nikalivisha gunia lililoloweshwa. Mume wangu alipoomba maji ya kunywa nilimwonyesha mtungi.

Kwa barabara unazunguka hadi Vihingo ndipo urudi nyuma. Kwa boti ni kuufuata mto Ruvu tu, ila jua la Januari unalipokea lote kichwani. Tulipanda mimi, Jabiri na Mjomba Said, na Kondo, mwenye boti, akawasha mashine. Tulikuwa hatujaenda mbali Mjomba Said akashika paji la uso.

"Anifa, naona giza."

"Nikitazama jua hili, mjomba, hilo giza nakuonea wivu."

"Presha, mwanangu."

Kwa presha ya mjomba hakuna mwenye ubishi. Nilifungua kifuniko haraka, nikachomoa soda moja, nikafunga. Chupa ilitoka ikitiririka jasho.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu wa kwetu hawezi kunywa kitu mbele za watu bila kuwakaribisha. Hata uwe na kipande cha muhogo mdomoni, mtu akipita unamwambia karibu, naye anajibu asante, starehe, anakwenda zake. Hakuna anayepungukiwa na kitu. Kwenye kona ya mto tukakuta watu wanapalilia mpunga, na mjomba, kwa adabu aliyolelewa nayo, akainua chupa yake.

"Karibuni jamani."

Waliitazama ile chupa. Waliitazama muda mrefu.

"Tumekaribia," akajibu mzee mmoja, akalaza jembe chini.

Kondo akageuza boti bila hata kuuliza, maana mtu aliyekaribishwa haachwi ukingoni. Nikafungua deli. Yule mzee alipokea pakiti ya mtindi, akaiweka kwanza shavuni, akafumba macho. Nilimwonea huruma nikamwongezea na tikiti, kisha nikajikasirikia.

Mbele kidogo kulikuwa na wanawake wanafua.

"Mjomba, usifungue mdomo," nikasema.

Hakufungua. Alipunga mkono tu, ila ni mkono ule ule wenye soda. Wakaja wote na mapovu mikononi. Kwenye kivuko cha ng'ombe mkosaji alikuwa Jabiri mwenyewe, aliyetoa shikamoo kwa mama mmoja mtu mzima na neno la karibu likamtoka hapo hapo. Nilimkazia macho.

"Dada, ni mtu mzima," akanong'ona.

Kwa mwendo huo tuliunywesha mto mzima. Kila kifuniko kilipofunguka joto liliingia, na chupa zangu za barafu zikawa chupa za maji. Ilipobaki soda moja niliizungushia pembe ya lile gunia bichi, nikaikalia. Mimi mwenyewe tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu kinywani.

"Niwaambie mashine ilituharibikia?" Jabiri akauliza tulipoona mapaa ya kwao Rukaya.

"Waambie una mjomba."

Bi Tunu alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, ndugu wamemzunguka. Tulisalimiana, akaitikia marahaba, akaashiria deli liletwe mbele yake. Akainua kifuniko. Ndani kulikuwa na maji, na chupa zangu zikielea. Wajomba wa Rukaya wakaanza kutazamana, na nikamwona mmoja anajiandaa kucheka.

"Hii ni yako, shangazi," nikasema, nikamfungulia ile soda iliyobaki.

Alikunywa polepole. Jabiri alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ya baridi," Bi Tunu akasema, kwa sauti ya kufika mpaka uani. Halafu akaninyooshea chupa. "Karibu, Anifa."

Nilipaswa kusema asante, starehe. Lakini jua lilikuwa limenikausha, hasira zimenichosha, na mdomo ukajibu wenyewe.

"Nimekaribia, shangazi."

Nikapiga funda. Ilikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Niliinua macho nikakuta ananitazama. Alinisogelea mpaka mtandio wake ukanigusa bega.

"Kaka yangu wa kule mpungani kapiga simu," akaninong'oneza. "Anasema meno bado yanamuuma kwa baridi ya mtindi wenu. Hata wifi yangu aliyekuwa anafua kapiga." Kisha akajiweka sawa na kupaza sauti. "Au ni mimi nimezeeka sijui kuonja? Anifa, ya baridi au si ya baridi?"

Baraza zima lilikuwa linanisikiliza. Nyuma ya pazia la mlango niliiona miguu ya Rukaya imesimama tuli.

"Ya baridi, shangazi. Inauma meno."

"Basi Ijumaa ijayo mje kuoa."

Vigelegele vikaanzia nyuma ya pazia. Jabiri alikaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa, na mimi nilitaka kulia kwa furaha. Mjomba Said akajisogeza kwangu, uso umemng'aa kwa ushindi, akanyoosha mkono kuomba japo funda moja la hiyo soda inayouma meno.

Nikaimaliza yote mbele ya macho yake, wala sikumkaribisha.