Wimbo Uliotoka Jikoni kwa Leanne

Merrin alikubali kuimba kwenye baa ya mji mdogo wa Yarrabin Jumapili ile kwa sababu moja tu: dada yake Leanne ndiye aliyekuwa akiuza tiketi za bahati nasibu ambayo zawadi yake ni nyama, na hapo Leanne asingeweza kumkwepa.

Miaka mitatu walikuwa hawasemezani. Kabla ya hapo Leanne alifiwa na mtoto wa siku nne. Siku moja, wakiosha vyombo pamoja, alimwambia Merrin jambo ambalo hata mumewe hakulijua: kila jioni bado alikuwa akijaza maji kwenye beseni na kuyapima joto kwa kiwiko, kana kwamba yuko mtu wa kuogeshwa. Merrin alilitia kwenye wimbo, neno kwa neno, bila kuomba ruhusa. Katika nyimbo zake zote, huo ndio pekee uliopigwa redioni nchi nzima. Yarrabin yote ikajua ya jikoni kwa Leanne.

Jumapili hiyo Merrin alikuwa kwenye wimbo wa nne Trev, mwenye baa, alipogonga kengele.

"Ishia hapo, Merrin! Nyama kwanza, muziki baadaye!"

Watu wakashangilia kuliko walivyoshangilia wimbo wowote. Leanne akapita meza kwa meza na tiketi zake, mpaka akafika jukwaani.

"Tiketi?"

"Dada, nataka tuongee."

"Wewe tukikwambia kitu, tunakuja kukisikia redioni."

"Nilikuandikia kukuomba msamaha."

"Barua zako nimezisoma zote. Leo utauimba?"

"Watu ndio wanaoutaka."

"Haya," Leanne akasema, akaenda meza nyingine.

Namba zikasomwa. Mzee mmoja wa mashamba ya ngano akashinda sinia la soseji na mbavu za kondoo, akaliinua juu kama kombe.

"Sasa tupigie ule wa beseni!" akapaza sauti.

"Ule ule!" wengine wakaitikia, wakipiga meza.

Leanne alikuwa anakunja tiketi zilizobaki, hakuinua uso. Merrin akashika gitaa. Kumbi kumi na mbili zilikuwa zinamsubiri mwezi ujao, na kila tangazo lilitaja wimbo ule. Bila huo alikuwa mwanamke mwenye gitaa tu, na wa namna hiyo ni wengi. Bwana, aliomba kimoyomoyo, nipe kinywa cha kusema kweli.

"Ule wimbo si wangu," akasema kwenye kipaza sauti. "Niliuchukua kwa mwenyewe bila kumwomba. Sitauimba tena, hapa wala kwingine."

Kisha sauti moja kutoka nyuma: "Basi mzee naye arudishe nyama!"

Wakacheka, wakageukia bia zao.

Leanne akachukua mkoba wake. Njia ya kutokea ilipita mbele ya jukwaa, na hapo akasimama. Merrin akashusha gitaa, tayari kuteremka.

"Asante," Leanne akasema, kama mtu anavyomshukuru mgeni aliyemshikia mlango. Akatoka. Gari lake likasikika likiwashwa, likaondoka.

Trev akainua mkono kutoka kaunta. "Bado una nusu saa, Merrin."

Merrin akakaza uzi mmoja uliolegea, akaanza wimbo ambao hakuna aliyewahi kumwomba auimbe, akiitazama migongo yao.